KAMERA SAFARINI: USO WA MAMA USIGEUKE KIVULI

Koplo mmoja wa jeshi, mwenyeji wa vilima vya Kabale, alifiwa na baba yake. Ilipotakiwa picha ya marehemu ya kuwekwa juu ya jeneza na kuchapishwa katika karatasi ya ibada, ndugu zake wote walimtazama yeye, kwani ndiye aliyekuwa na simu nzuri, na katika likizo iliyotangulia alikuwa amempiga mzee picha 41. Koplo alifungua simu yake bila wasiwasi wowote. Katika picha zote hizo mzee alikuwa amesimama mlangoni na uwanja wenye jua nyuma yake, au juu ya kilima na anga nyeupe nyuma yake, au kando ya mkaratusi saa sita ya mchana. Kofia ilionekana, koti lilionekana, hata fimbo ilionekana. Uso haukuonekana. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ilibidi ikuzwe kutoka katika kitambulisho, na waliomfahamu marehemu walinong'ona kwamba hakuwa mtu wa kununa namna ile.

Mkasa huu huwapata wengi, hasa watu wa kazi za jeshi na polisi ambao huonana na wazazi wao mara moja au mbili kwa mwaka. Hurudi kazini na mamia ya picha za safari, na siku wanapozihitaji wasione hata moja ya kufaa. Hapo ndipo husikika malalamiko kwamba simu ni mbovu, na kwamba hapana budi kununua nyingine ya bei kubwa zaidi. Mara nyingi simu haina kosa. Kamera haioni kama jicho lionavyo. Yenyewe hukisia tu, na mtu aliyeishika asipoisahihisha hukisia vibaya.

Ndani ya kila kamera ya dijitali, iwe ile kubwa ya kuning'inizwa shingoni au ile ndogo iliyomo ndani ya simu, mna kipande chembamba kiitwacho kihisi, nacho kina mamilioni ya visehemu vidogo mno vya kupokea mwanga. Kila kisehemu hutoa nukta moja ya picha, ambayo mafundi huiita pikseli. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell huko Marekani, na mwaka 2009 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera ya dijitali yenye uzito wa kilo 3.6 hivi. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Leo simu ya kawaida katika mfuko wa askari hupiga picha ya nukta milioni 12 au zaidi kwa kufumba na kufumbua.

Lakini wingi wa nukta haukuondoa udhaifu mmoja. Kabla ya kupiga, kamera hupima mwanga ulio mbele yake, kisha hudhani kwamba mandhari yote yakichanganywa pamoja yatatoa rangi ya kijivu cha wastani. Ikiona anga nyeupe kubwa, hudhani mwanga umezidi, nayo hupunguza mwanga wa picha nzima. Anga hutoka vizuri. Mtu aliyesimama mbele yake hugeuka kivuli. Ni kweli kwamba simu za siku hizi zimefundishwa kutambua nyuso, na nyingine hupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha. Hata hivyo, jua la Afrika likisimama nyuma ya mtu, bado hushindwa, na hushindwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Shida hiyo ni ya zamani. Katika enzi za filamu, maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi zenye picha za wanawake wa Kizungu, na kwa miaka mingi sura za watu weusi zilitoka kama makaa. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi filamu ikarekebishwa walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao nazo hazikuonekana vizuri.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Mwenye simu auguse uso wa mtu kwa kidole juu ya kioo. Kamera itapima mwanga wa mahali hapo. Katika simu nyingi alama ndogo ya jua hutokea kando yake, na kidole kikiiteleza kwenda juu, picha huongezeka mwanga. Mwenye kamera kubwa atafute kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, aongeze hatua moja au mbili. Lakini iliyo bora kuliko hiyo ni kumsogeza mtu mwenyewe. Asimame na ukuta, mgomba au kilima nyuma yake, badala ya anga. Akiwa mlangoni, mpiga picha awe nje na anayepigwa awe hatua moja ndani ya kizingiti, mwanga wa uwanjani umwangukie usoni. Baba wa koplo alipigwa kutoka ndani ya nyumba akielekea nje, na hilo tu ndilo lililompoteza.

NJIANI KUELEKEA KABALE

Likizo iliyofuata koplo alisafiri tena, safari hii pamoja na mkewe, ambaye ni askari wa polisi, ili kumtazama mama mjane. Kutoka Kampala hadi Kabale ni mwendo wa kilomita zaidi ya 400 kuelekea kusini-magharibi, na ni njia nzuri kwa mtu anayejifunza, maana nchi hubadilika mbele ya macho.

Abiria wa basi la asubuhi yafaa aketi upande wa kulia. Jua huwa limebaki nyuma na kushoto, hivyo mashamba ya upande wa kulia huwa yameangazwa vyema na kioo cha dirisha hakimeremeti. Magari yajayo yatapita mara kwa mara mbele ya lenzi. Hilo halina budi kuvumiliwa. Simu iwekwe karibu sana na kioo bila kugongana nacho, taa yake izimwe, na vipigwe vitu vya mbali, kwani vya karibu hupita kwa kasi na kutoka vimeparuzwa. Kabla ya hayo yote lenzi ipanguswe kwa kitambaa laini. Simu hukaa mfukoni pamoja na jasho, vumbi la barabara na mafuta ya vidole, na picha zisemwazo kuwa na ukungu mara nyingi hazina kasoro nyingine.

Huko Mpambire, katika wilaya ya Mpigi, ngoma hupangwa kando ya barabara, kubwa na ndogo. Ni mahali pazuri pa kujizoeza kusogea badala ya kukuza. Mtu anapotanua vidole juu ya kioo ili kitu kionekane karibu, simu isiyo na lenzi maalumu ya kuvuta vitu vya mbali huikata tu ile picha na kuitanua, na nukta hupotea. Miguu miwili ndiyo lenzi bora ya kukuza, nayo haimalizi betri.

Kilomita zipatazo 72 kutoka Kampala ni Kayabwe, ambako barabara huvuka mstari wa Ikweta, na pande zote mbili zimejengwa duara nyeupe ambazo karibu kila msafiri hujipiga picha ndani yake. Wengi hufika hapo mchana. Karibu na Ikweta jua la mchana hukaa juu ya utosi, nalo hutia vivuli vizito chini ya nyusi na pua, hata mtu mchangamfu akaonekana kama aliyekesha lindo siku tatu. Atakaye kumbukumbu ya Kayabwe hana hiari, apige. Lakini kwa picha ya sura, baraza lenye kivuli lina thamani kuliko duara lolote. Mwanga mzuri ni ule wa mara tu baada ya jua kuchomoza na wa kabla halijatua. Katika nchi za Ulaya wakati wa kiangazi mwanga huo hudumu muda mrefu. Hapa kwetu jua hupanda na kushuka kama jiwe lililotupwa, na mpiga picha hupata nusu saa, au zaidi kidogo. Aliyepanga kupiga picha baada ya chai ya asubuhi amekwisha chelewa.

Lukaya, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha ya mabasi na kuku wa kuchoma na ndizi, koplo aliinua simu yake, na kijana mmoja papo hapo akaficha uso kwa kishikio cha nyama. Hapana ajabu. Mtu mwenye suruali ya jeshi akielekeza kamera kwa raia, raia hadhani kwamba anapendezwa na kuku. Mkewe alishuka, akanunua vipande viwili, akamwamkia kijana kwa Kiganda, akamwomba ruhusa, kisha akampiga picha na kumwonyesha. Picha hiyo ilikuwa bora kuliko zote za njiani. Wale wanaoiba picha za watu kwa mbali huishia na migongo.

Mbele ya Masaka nchi hufunguka, na karibu na Mbarara huonekana ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Pembe hizo hudai anga nyuma yake, na hapa kivuli si kosa: ikiwa ni umbo la pembe litakiwalo, acha kamera ikisie ipendavyo. Kanuni ile ile iliyompoteza mzee humpamba ng'ombe.

Asubuhi ya pili walikwenda Bunyonyi. Ziwa hilo, lililo karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari na lenye visiwa 29, hufunikwa na ukungu mweupe kabla ya jua kupata nguvu. Kamera ikiona weupe mwingi hivyo huugeuza kuwa kijivu cha majivu, kwa sababu ile ile iliyokwisha elezwa. Aliyeongeza mwanga hatua moja atapata ukungu mweupe kama alivyouona, na mtumbwi mweusi katikati yake. Upeo wa maji uwe sawa. Ziwa lililoinama upande mmoja humtia mtazamaji kizunguzungu.

KUREKEBISHA SI KUDANGANYA

Jioni, nyumbani kwa mama, mkewe koplo alikaa na simu ili kurekebisha picha. Kazi hii huwatisha wengi bure. Ziko programu zisizotozwa fedha: katika simu iko Snapseed, ambayo ni mali ya Google tangu mwaka 2012, katika kompyuta iko GIMP, ambayo imetolewa bure tangu mwaka 1996. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini kazi zenyewe ni chache.

Kwanza ni kuchagua. Katika picha 100 za siku moja ni nadra kupata zaidi ya kumi za maana, na anayekataa kufuta hatapata muda wa kurekebisha. Kisha picha hunyoshwa, na kingo zisizo na kazi hukatwa: nguzo ya umeme, nusu ya mtu aliyepita, ndoo ya plastiki. Ndipo hufuata mwanga. Kitufe cha vivuli huinua sehemu zenye giza bila kugusa anga, na hicho ndicho kinachoweza kuurudisha uso uliofifia. Hapa pana siri inayofaa kujulikana mapema. Sehemu iliyotoka na giza kwa kawaida bado ina habari ndani yake, ingawa ikiinuliwa sana hutoka na chembechembe kama mchanga. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe kabisa haina kitu. Hakuna programu iwezayo kurudisha wingu lisiloandikwa. Kwa hiyo pale penye shaka, uso uokolewe kwanza wakati wa kupiga, na wingu liende zake. Mwisho ni rangi. Picha iliyopigwa chini ya taa ya ndani huwa ya manjano, ya kivulini huwa ya samawati. Kitufe cha joto la rangi huisawazisha. Kazi yote ifanywe katika nakala, na picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa.

Usiku huo alizifungua pia zile picha 41 za mzee. Katika moja aliinua vivuli taratibu, na ghafla jicho likatokea, kisha shavu, kisha nusu ya tabasamu.

"Baba watoto, hebu njoo uone," alimwita mumewe.

Chembechembe zilikuwa nyingi, na rangi ilikuwa ya kijivu, lakini alikuwa ni yeye. Koplo alitazama kwa muda, kisha akatoka nje kufunga mbuzi ambao walikwisha fungwa.

Simu nyingine, hasa kwa kamera ya mbele, huwa na kifaa cha kupendezesha sura kilichowashwa tangu dukani. Hulainisha ngozi, huondoa mikunjo na kuing'arisha rangi. Bibi wa miaka 80 hutoka mweupe na laini kama aliyeangukia gunia la unga. Kizimwe. Mikunjo ya mzazi si uchafu wa lenzi.

Majaribu ya kupita kiasi hayakuanza na simu. Februari 1982 gazeti maarufu la National Geographic la Marekani lilitoa picha ya piramidi za Giza, Misri, katika jalada lake. Picha ya asili ilikuwa pana, jalada lilikuwa jembamba na refu. Basi wahariri wakatumia kompyuta kusogeza piramidi moja karibu na nyingine. Piramidi zilizokaa mahali pake zaidi ya miaka 4,000 zikahamishwa kwa mkono wa fundi. Wasomaji walipojua walikasirika, na gazeti likaaibika. Miaka michache baadaye, ndugu wawili, Thomas na John Knoll, walitengeneza programu ya Photoshop, iliyotolewa kwa wanunuzi mwaka 1990. Mojawapo ya picha za kwanza walizotumia kuonyesha uwezo wake ilikuwa picha ya safari, iliyopigwa na John mwaka 1987 katika ufuko wa Bora Bora, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Kuinua kivuli ili sura ionekane ni kuirudishia picha kile ambacho macho yalikiona. Kumwondoa shemeji kwa sababu familia haipatani naye ni jambo jingine, na siku moja wajukuu watauliza ni mkono wa nani ule uliobaki begani mwa shangazi.

PICHA INAYOSEMA ZAIDI YA INAVYOTAKIWA

Kwa jamaa za askari iko hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho. Kila picha ya dijitali hubeba maelezo yaliyofichika: tarehe, saa, aina ya kamera, na ikiwa huduma ya mahali imewashwa, hata nukta kamili ya ramani ilipopigiwa. Mwaka 2012 Jeshi la Marekani lilieleza kisa cha mwaka 2007 huko Iraki. Helikopta mpya zilikuwa zimefika kambini, askari wakazipiga picha na kuziweka katika intaneti. Adui alitambua kutoka katika picha hizo mahali hasa helikopta zilipoegeshwa, akashambulia kwa mizinga midogo na kuharibu nne za aina ya Apache.

Basi mahali pazimwe katika mipangilio ya kamera kabla ya safari, na hasa kabla ya kuwapelekea watoto simu wachezee. Huduma nyingi za ujumbe huondoa maelezo hayo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama waraka hubaki nayo yote. Maelezo pia si lazima yawe ya kufichika: kibao cha kikosi, namba ya gari, kizuizi cha barabarani au paa la ghala nyuma ya mtoto anayekata keki vinatosha. Picha za likizo zipigwe likizoni. Za kambini zina wenyewe wa kuziruhusu. Aidha, kutangaza picha za ziwani wakati nyumba imefungwa na jirani hayupo ni kumwandikia mwizi barua. Zinaweza kungoja hadi wenyewe warudi.

KUZITUNZA

Picha moja ya nukta milioni 12 huchukua takriban megabaiti 3 hadi 5, hivyo kadi ndogo ya gigabaiti 32 hubeba maelfu. Kwa sababu hiyo watu huacha kila kitu ndani ya simu moja, na simu huanguka katika shimo la choo. Utaratibu unaokubalika ni nakala tatu: moja katika simu, moja katika kompyuta au diski, na moja mbali na nyumbani, kwa ndugu au katika hifadhi ya intaneti. Ile iliyotumwa kwa ujumbe isihesabiwe, maana kwa kawaida imebanwa na kupunguzwa nukta.

Na picha zichapishwe. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 hutosheka na nukta 1,200 kwa 1,800 hivi, yaani kama milioni mbili. Hata simu ya zamani huzitoa, jambo ambalo wauza simu hawana haraka ya kulitaja.

Siku ya mwisho ya likizo, jua lilipochomoza, mama aliketi hatua moja ndani ya mlango wake, akiwa amejifunga shuka mpya. Koplo alikuwa nje uwanjani, mgongo kwenye jua. Aligusa uso wa mama juu ya kioo, akaongeza mwanga kidogo, akangoja. Mama aliuliza kama ni lazima avae kofia ya kanisani. Aliambiwa si lazima. Akacheka, na koplo akabonyeza wakati ule.

Picha ilichapishwa mjini Kabale kabla basi halijaondoka, nakala mbili, pamoja na ile ya mzee yenye chembechembe. Mama aliitazama yake, akasema kwamba amezeeka. Ile ya mzee aliishika kwa muda mrefu zaidi, kisha akazifunga zote mbili katika kitambaa na kuzitia ndani ya bati la majani ya chai, pamoja na hati ya shamba.